Hatua Arobaini za Chiriku

Kila asubuhi, kabla jua halijafika juu ya mapaa, Chiriku aliteremka njia ya vumbi kwenda kwa bibi yake kufagia ua na kuzoa majivu jikoni. Ilikuwa kazi yake tangu darasa la nne, na sasa alikuwa la sita. Bibi, mama mzazi wa baba yake, aliumwa miguu asubuhi, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Watu aliwaona kama vivuli mpaka wafungue midomo. Kwa Chiriku hilo halikuwa taabu, maana sauti yake ilitangulia kufika kabla yake. Ndiyo sababu baba alimpa binti yake jina la yule ndege mdogo asiyejua kunyamaza, na lile jina la kwenye daftari la mahudhurio likabaki la mwalimu peke yake.

Lakini Jumatatu ile alifika kimya, akachukua ufagio kimya. Bibi aligeuza uso kutoka kwenye jiko la kuni.

"Nani huyo?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nani? Mjukuu wangu huwa simuulizi jina, namsikia tangu akiwa kwao. Au kuna mtu amekuibia ulimi?"

Chiriku alijilazimisha kucheka. Akajaza majivu kwenye kopo, akayabeba mpaka nyuma ya jiko, akatazama huku na huku kama mwizi. Hapo chini, hatua nne kutoka ukutani, palikuwa na ufa.

Siku alipouona mara ya kwanza, Alhamisi iliyopita, ulikuwa mwembamba kama uzi wa cherehani ya mama yake, umekwenda sambamba na ukuta wa jiko. Alimwaga kopo moja la majivu, akasukuma kwa ufagio, akakanyaga kwa kisigino, pakaonekana kama pamefagiwa tu. Jumamosi ufa uliingiza kidole na ukala makopo matatu. Leo uliingiza kiganja. Chiriku alirudi jikoni mara tano. Kila alipomwaga, majivu yaliteleza chini bila sauti, na moyo wake ukateleza nayo.

Alikuwa amejaribu kumsihi bibi ahamie kwao kwa siku chache. Bibi alimwambia kwamba cherehani ya mama yake ina makelele kuliko malori yote ya machimbo, na kwamba mtu wa umri wake hahamishwi kama kuku. Sababu hasa Chiriku hakuweza kuisema. Mtu akiuona ule ufa, angeuliza machimbo yamefikaje karibu namna ile. Na akiuliza hilo, angefika kwenye vigingi.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya mwisho mtaani. Nyuma ya jiko palikuwa na uwanja mtupu, na baada ya uwanja, machimbo ya changarawe: shimo pana lenye kina cha nyumba ya ghorofa tatu, kuta zake zimesimama wima kama mkate uliokatwa kwa kisu. Baba yake Chiriku alifanya kazi humo. Aliendesha ile mashine kubwa ya njano yenye mkono mrefu, ambayo wenyewe waliiita kijiko, na kutwa nzima aliuma ukuta wa shimo na kujaza malori.

Vigingi vilikuwa mbao saba zilizopakwa rangi nyekundu, zimechomekwa kwa mstari katika uwanja ule. Kibali cha kampuni kilisema mashine isichimbe kuzikaribia nyumba kupita mita arobaini, na vigingi vilionyesha mwisho huo. Baba mwenyewe ndiye aliyemweleza Chiriku, jioni moja akivua viatu mlangoni. Alisema ukiwa juu ya kijiko huoni ramani wala karatasi, unaona kigingi tu. Kikikuambia simama, unasimama, hata meneja akiwa anapiga honi nyuma yako.

Shida ni kwamba mstari ule ulikatiza uwanja ambao Chiriku na wenzake walichezea mpira. Basi rafiki yake Goti, aliyeitwa hivyo kwa sababu goti lake la kulia halikukosa kidonda, akagundua kwamba vigingi vinang'oka kwa mkono mmoja. Wakawa wanaving'oa mchana, wanacheza, na kabla ya kurudi nyumbani wanavichomeka katika matundu yaleyale. Mwezi mzima mambo yalikwenda shwari, hakuna aliyewauliza.

Kisha Ijumaa moja mvua iliwakuta katikati ya mchezo. Walikimbia na vigingi mpaka chini ya upenu wa jiko la bibi, na mvua haikukatika hadi Jumapili. Waliporudi Jumatatu, maji yalikuwa yamesawazisha uwanja wote kama mtu aliyepiga pasi. Hakuna tundu hata moja lililoonekana.

Goti alitaka wavichomeke popote waondoke. Chiriku alimwambia asiwe mjinga, yeye alijua vinapokaa: mita arobaini kutoka kwenye nyumba, baba yake alikwisha kusema. Akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa jiko, akaanza kutembea juu ya tope akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, mpaka arobaini. Walivichomeka vyote saba, wakavinyoosha kwa uzi, na Chiriku akarudi nyumbani akijisifu moyoni kwa kazi safi.

Baada ya siku kumi na mbili kijiko kilihamia upande ule wa shimo.

Jumatano iliyofuata, katika somo la hisabati, mwalimu alileta tepu ya kupimia na kuwataka wanafunzi wapime hatua zao. Goti alipata sentimita hamsini na saba. Chiriku alipata hamsini na tisa. Aliandika jibu, kisha akabaki akilitazama. Hatua yake haikuwa mita. Ilikuwa zaidi kidogo ya nusu mita. Alizidisha kwa arobaini pembeni mwa daftari, akafuta, akazidisha tena.

Kengele ilipolia alikimbia mpaka uwanjani bila kumsubiri mtu. Uwanja ulikuwa umeliwa. Vigingi vyekundu vilisimama pembeni kabisa mwa shimo, na zaidi ya vigingi hivyo hapakuwa na kitu ila hewa. Baba yake alikuwa amechimba mpaka pale alipoambiwa, wala hakuvuka. Kesho yake asubuhi ndipo Chiriku alipouona ufa.

Majirani hawakuhitaji muda mrefu kuona kwamba shimo limesogea. Jumamosi fundi mwashi wa mtaa alikuja na tepu yake ndefu, wakapima kutoka kwenye jiko la bibi hadi ukingoni. Chiriku alisimama na ufagio mkononi akiangalia viatu vya fundi. Kiatu cha kushoto kilikanyaga palepale alipomwaga majivu asubuhi. Alifumba macho. Alipoyafumbua, fundi alikuwa amekwisha kupita, akisoma kwa sauti: mita ishirini na tatu na nusu.

Tangu saa ile nyumba yao ilibadilika. Mtaa mzima ulijua ni nani anayeendesha kijiko. Wateja wawili walikuja kwa mama kuchukua sare za watoto wao ambazo bado hazijapigwa vifungo, wakasema watamalizia wenyewe. Jumanne meneja wa machimbo alimsimamisha baba kazi. Alimwambia kwamba kampuni iliweka vigingi mahali panapostahili, na kama sasa viko kwingine, basi aliyevihamisha ni yule aliyefaidika kwa kupata changarawe laini ya kuchimba bila jasho. Baba aliyasimulia hayo kwa mama huku ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Kinachoniuma si kazi," alisema. "Kazi nitapata. Wanasema nimemchimbia mama yangu shimo."

Chiriku alikuwa nyuma ya pazia.

Siku ya pili yake alimngojea Goti nje ya choo cha shule, akamweleza habari za ufa na majivu, akamwambia hawezi tena kuendelea kukaa kimya. Goti alimshika mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

"Unataka tufungwe?" alinong'ona. "Watu wanasema ni kesi ya polisi. Watamchukua baba yako, na mama yangu pia. Tunyamaze tu, itapita."

"Na bibi je?"

"Bibi yako yupo hapo tangu enzi. Nyumba haianguki kwa sababu ya ufa mmoja, Chiriku."

Walikubaliana kunyamaza, na usiku huo Chiriku hakupata usingizi.

Alhamisi ilikuwa siku ya mkutano. Kibali cha kampuni kilikuwa kinakwisha, nayo iliomba kingine cha miaka minane. Kabla ya kukitoa, afisa wa vibali alitakiwa kuwasikiliza wananchi. Asubuhi ile Chiriku alikwenda kwa bibi mapema zaidi ya siku zote. Makopo hayakutosha, akachukua ndoo. Alizoa majivu yote ya jikoni na ya jalalani, ndoo ikajaa, akaimwaga yote ufani. Alisubiri. Ufa ulimeza ndoo nzima na kubaki wazi, mweusi. Kutoka chini kabisa alisikia kijiwe kikidondoka, kikagonga mahali, kikagonga tena mbali zaidi. Alivuta gunia kuukuu akalitandaza juu, akakimbia shuleni bila kuaga.

Mkutano ulifanyika saa nane mchana katika darasa kubwa la shule. Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wamepanga madawati, kwa hiyo waliruhusiwa kusimama nyuma. Afisa wa vibali alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na jalada la bluu lililojaa karatasi. Aliwaambia watu waseme yote, yeye amekuja na masikio tu.

Nao walisema. Mama yake Chiriku, ambaye wengine hawakutaka hata kukaa naye benchi moja, alisimama akaeleza jinsi vumbi linavyoharibu nguo nyeupe na vifua vya watoto. Mwalimu alisimulia habari za shimo la zamani, lile la upande wa chini, ambalo katika kibali cha kwanza kampuni iliahidi kulifukia na kupanda miti. Miaka minane imepita. Shimo limejaa maji ya kijani, ndama wawili wamezama, na watoto wanaogelea humo kwa siri. Kilichopandwa ni kibao kimoja tu cha kukataza watu, na chenyewe kimekwisha kuanguka.

Meneja alijibu kwa upole. Shimo la zamani litashughulikiwa. Ama hili la vigingi, alisema, kampuni imeumizwa kama wananchi walivyoumizwa, kwa kuwa ni tendo la mfanyakazi mmoja na hatua zimechukuliwa. Akamwelekezea kidole baba.

Baba alisimama, kofia mkononi. "Nilichimba mpaka kwenye kigingi," alisema. "Sikuvuka hata unyayo. Nani alikihamisha, sijui."

"Basi vilitembea," fundi mwashi alidakia. "Viliona joto, vikasogea kivulini kwa mama yako."

Watu wakacheka. Chiriku aliona shingo ya baba ikiinama, na kofia ikizunguka polepole katika vidole vyake. Afisa hakucheka. Alisema kuhamisha alama za mpaka ni kosa kubwa, kwamba dereva atahojiwa na polisi, na kwamba mhandisi atakuja kukagua eneo baada ya wiki mbili. Akaanza kupanga karatasi zake.

Wiki mbili. Chiriku aliuona akilini ule ufa mweusi chini ya gunia. Alijiambia kwamba atahesabu mpaka tatu. Alihesabu mpaka tatu mara nne.

"Siyo baba," alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno, ila darasa lilikuwa limetulia kidogo na afisa akainua uso.

"Sogea huku, mwanangu. Hapa hakuna atakayekugusa."

Kutoka nyuma hadi mezani palikuwa pafupi, lakini yeye aliona kama hapafiki. Alipofika alisema yote akiangalia miguu yake: mpira, mvua, matundu yaliyopotea, na jinsi alivyohesabu. Meneja alitikisa kichwa kwa huruma. Mtoto anamtetea baba yake, alisema, kila mtu angefanya hivyo, lakini hadithi hiyo amefundishwa jana.

Afisa alimuuliza Chiriku alihesabu ngapi.

"Arobaini. Nilidhani hatua ni mita."

"Tembea kumi hapa mbele yangu. Kama ulivyotembea siku ile."

Chiriku akatembea kando ya ubao, na fundi mwashi akaitwa na tepu yake. Alipima, akapima tena, safari hii bila mzaha. Mita tano na sentimita tisini. Afisa aliandika hesabu ubaoni kwa chaki, akazidisha kwa nne: mita ishirini na tatu na sentimita sitini. Kisha akafungua barua ya malalamiko ya wananchi, akasoma kipimo cha Jumamosi, mita ishirini na tatu na nusu. Kutoka nyuma ya darasa ilisikika sauti inayolia.

"Na mimi nilikuwepo," alisema Goti. "Mimi ndiye niliyeanza kuving'oa."

Baba alikuwa anamtazama Chiriku. Chiriku hakuweza kusoma uso wa baba, na hilo lilimtisha kuliko yote. Lakini lililobaki lilikuwa kubwa zaidi.

"Kuna kingine," alisema. "Nyuma ya jiko la bibi kuna ufa. Nilikuwa naufukia kwa majivu ili usionekane. Kwanza kopo moja, halafu matatu, halafu matano. Leo nimemwaga ndoo nzima, na haukujaa."

Afisa alifunga jalada.

"Bibi yuko wapi sasa hivi?"

"Jikoni," alisema Chiriku. "Anabandika maharage."

Viti vilianguka. Baba ndiye aliyetoka wa kwanza, hakupita mlangoni, alipita dirishani. Chiriku alimfuata mbio, huku pumzi ikimchoma kifuani, na nyuma yao mtaa mzima. Njiani aliwaza jambo moja tu, kwamba wangefika na kukuta hewa.

Walikuta moshi mwembamba ukitoka jikoni. Lile gunia lilikuwa limetoweka. Ufa ulikuwa umelimeza, na sasa ulipita chini ya ukuta wenyewe. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwiko mkononi, akiuliza ni nani anayekimbia namna hiyo juani. Baba hakueleza. Alimbeba mgongoni kama mtoto, na bibi akampiga begani kwa mwiko akisema amwache, sufuria itaungua.

"Iungue, mama," alisema baba. Akatoka naye mbio. "Iungue tu."

Afisa aliwasogeza watu wote mpaka juu ya barabara, na wenye nyumba mbili za jirani wakaondolewa. Walikaa hapo wakitazama. Kwa muda hapakutokea kitu, hata watu wengine wakaanza kuulizana kama si woga wa bure. Kisha jua likiwa linateremka, vumbi lilianza kuruka ukingoni, kidogo kidogo, kama unga unaochekechwa. Ardhi ikatoa mguno. Jiko la bibi liliinama taratibu kuelekea shimoni, kama mtu anayesinzia, likaenda, bati, ukuta, kigoda na sufuria, na baadaye kidogo ndipo uliposikika mshindo wa chini.

Bibi, ambaye hakuweza kuona mbali, aliuliza kwa sauti ndogo ni kitu gani hicho. Baba aliketi chini barabarani na kuficha uso kwa mikono yake miwili.

Siku mbili baba hakumsemesha Chiriku. Alimpa chakula, alimfunika shuka, lakini maneno hakuwa nayo. Siku ya tatu alimwita akakaa naye mlangoni. Alimwambia kwamba amekasirika, na hatamdanganya kuwa hakukasirika. Kung'oa vigingi lilikuwa kosa la kitoto. Kukosea hesabu, hata wakubwa hukosea. Lakini ule ufa aliuona siku nane, na siku nane bibi alilala kando yake. Chiriku alilia mpaka akapata kwikwi. Baba alimwacha alie, kisha akamvuta karibu.

Uamuzi wa afisa ulikuja kwa barua mwisho wa mwezi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Kibali kipya hakikutolewa. Ilionekana kwamba masharti yalitaka vigingi vya chuma vilivyojengewa kwa saruji na kukaguliwa kila wiki; meneja alikuwa ametia sahihi kwenye karatasi za ukaguzi bila kushuka kwenye gari lake. Kampuni iliamriwa kumjengea bibi nyumba nyingine mbali na hapo, kufukia shimo la zamani na kulaza ukuta wa hili jipya uwe mteremko, na juu kabisa kumwaga udongo mweusi wa kupandia, sentimita hamsini kila mahali. Mpaka hayo yatimie, hakuna changarawe itakayotoka. Baba alirudishwa kazini, safari hii kujaza badala ya kutoa. Fundi mwashi alikuja kumwomba radhi, akakaa nusu saa akizungumzia bei ya saruji kabla hajaweza kulisema neno lenyewe.

Chiriku na Goti nao walipewa adhabu yao. Kila Jumamosi asubuhi, pamoja na mwalimu, walitakiwa kupita juu ya sehemu iliyofukiwa na kupima udongo kwa fimbo yenye alama. Mwalimu aliandika walichosoma, na nakala ilitumwa kwa afisa.

Jumamosi ya tano jua lilikuwa kali. Malori yalikuwa yamemaliza, madereva wameketi kivulini wakisubiri kuruhusiwa kwenda nyumbani, na baba alikuwa amezima mashine. Mahali tisa palikuwa sawa. Mahali pa kumi, upande wa mbali, Chiriku alichomeka fimbo ikagota kwenye changarawe. Aliinama akasoma. Thelathini na nane.

"Ni kidogo tu," alinong'ona Goti. "Nani atajua? Tazama wanavyotuangalia."

Chiriku aliwatazama. Dereva mmoja alikuwa amekwisha kuvaa shati lake la kurudia nyumbani. Aliogopa kama siku ile darasani, ingawa safari hii hapakuwa na polisi wala shimo, ila watu wazima waliochoka.

"Hapa hapatoshi," alisema kwa sauti. "Ni thelathini na nane."

Dereva yule alishusha pumzi na kusema kwamba huyu mtoto atawazika kabla ya hilo shimo. Wengine walinung'unika, wakainuka. Lori moja likarudi kuchukua udongo.

Baba alikuja akapima mwenyewe, kisha akachuchumaa kando ya binti yake.

"Umeogopa?"

"Ndiyo."

"Vizuri, na hilo pia umeniambia ukweli." Alifuta udongo kwenye fimbo kwa kidole gumba. "Mimi sitaki mtoto asiyeogopa, Chiriku. Woga si kosa. Ila siku zote uliponyamaza, hukuwa unajilinda wewe. Ulikuwa unaulinda ufa. Ukiona jambo la hatari, hata kama mwenye kosa ni wewe, liseme likiwa bado dogo, kwa mtu mzima wa kwanza utakayemwona. Aibu yake utaimaliza. Lakini anayemezwa na shimo harudi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Lori lilikuwa linarudi nyuma polepole likielekea pale walipo, na baba akasimama kuwasogeza watoto pembeni. Chiriku aliichomoa fimbo, akasubiri udongo umwagwe, akasubiri usambazwe, kisha akaenda kupima tena.